Rangi ya unga kwenye pikipiki: ilikotoka, na unachopaswa kujua kabla ya kuijaribu nyumbani



Wakulima wengi ninaowatembelea siku hizi wana pikipiki. Ndiyo inayobeba mbolea kwenda shambani, maziwa kwenda kituo cha kukusanyia, na mahindi kwenda mashineni. Mbolea ikimwagika kwenye keria na kukutana na umande, kutu haichelewi. Ndiyo maana swali hili hunirudia mara kwa mara: “Afisa, ile rangi ya unga wanayopaka madirisha ya alumini, siwezi kuipaka mwenyewe nyumbani kwenye keria na stendi?”

Jibu fupi ni kwamba unaweza, kwa vipuri vidogo na kwa masharti. Leo nakupa jibu refu, ambalo ni historia ya rangi yenyewe. Nina sababu. Masharti nitakayokuwekea mwishoni yalitokana na tatizo ambalo viwanda vilikutana nalo na kulitatua, wakati mwingine baada ya watu kuumia. Mtu anayejua sharti limetoka wapi halirukii. Mtu aliyepewa orodha tupu huruka hatua ile inayomchosha, na kwenye kazi hii hatua inayochosha ndiyo inayokulinda.

Kabla ya unga: rangi iliyookwa

Kuoka rangi ili ishike chuma si jambo jipya. Baiskeli, pikipiki na magari ya mwanzoni mwa karne ya 20 yalipakwa vanishi nyeusi iliyotengenezwa kwa lami na mafuta ya mimea, kisha yakaingizwa kwenye tanuri. Gari la Ford Model T lilitoka kiwandani likiwa jeusi peke yake kuanzia 1914 hadi 1925. Rangi hiyo nyeusi ilikuwa ya bei nafuu, ngumu, na ilivumilia kazi. Kwa hiyo somo la kwanza lilijulikana mapema: rangi iliyookwa hushika kuliko iliyoanikwa.

Somo la pili lilitoka Uingereza. Mwaka 1906 Thomas Watts Coslett wa Birmingham alipata hataza ya kuogesha chuma katika asidi ya fosfori. Chuma kilitoka kikiwa na ngozi nyembamba ya kijivu ambayo kutu iliichelewa na rangi iliipenda. Viwanda vya baiskeli, magari na silaha vikaipokea njia hiyo na kuiboresha. Tangu hapo, kiwandani, rangi haianzi kwenye rangi. Inaanza kwenye kuosha chuma, kukikwangua, na kukivika ile ngozi ya fosfeti. Weka jambo hili akilini, tutalirudia.

Tatizo lililobaki lilikuwa majimaji. Ili rangi ipulizike, ilibidi iyeyushwe kwa tina na vimiminika vingine vya aina hiyo. Ukipaka, rangi inabaki na tina inaruka hewani. Kwa maneno mengine, sehemu kubwa ya ulichonunua inaishia kwenye mapafu ya fundi na kwenye anga, na ikikutana na cheche inawaka. Fundi yeyote wa rangi aliyefanya kazi kwenye chumba kisicho na dirisha anaijua kichwani mwake ile harufu.

Mjerumani na unga unaochemka bila moto

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia plastiki zilikuwa zimeshakuwa nyingi, na watu walijaribu kuzipaka kwenye chuma. Njia ya kwanza ilikuwa kupuliza unga wa plastiki kupitia mwali wa moto ili ufike kwenye chuma ukiwa umeyeyuka. Ilifanya kazi, lakini haikuwa rahisi kupata unene sawa kila mahali.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950, Erwin Gemmer wa kampuni ya Knapsack-Griesheim nchini Ujerumani alikuja na wazo jingine. Alichukua chombo chenye sakafu yenye vitundu vidogo sana, akakijaza unga wa plastiki, kisha akapitisha hewa kutoka chini. Unga ukainuka na kuanza kucheza kama maji yanayochemka, ingawa ulikuwa baridi na mkavu. Kipande cha chuma kilichopashwa moto kikizamishwa humo, unga unaokigusa unayeyuka na kukishika pande zote. Gemmer aliomba hataza Ujerumani mwaka 1953, na hataza ya Marekani ikatoka mwaka 1958.

Kwa njia hii rangi haikuhitaji tina. Lakini koti lilikuwa nene, mara nyingi robo ya milimita na zaidi, na plastiki zilizotumika zilikuwa za aina inayoyeyuka tena ikipata joto, kama mshumaa. Njia hii ilifaa mabomba, vikapu vya waya na vifaa vya umeme. Haikufaa kitu kinachotakiwa kung'aa na kubaki na vipimo vyake, kama kipuri cha pikipiki.

Umeme unaovuta rangi

Huko Indianapolis, Marekani, Harold Ransburg alikuwa ameshaonyesha katika miaka ya 1940 kwamba matone ya rangi ya maji yakipewa chaji ya umeme, na kitu kinachopakwa kikiunganishwa na ardhi, matone hukifuata kitu hicho badala ya kupotea hewani. Mengine hata huzunguka na kushika upande wa nyuma. Sisi wa kilimo tuliwahi kuiona kanuni hiyohiyo: miaka ya 1980 kampuni ya ICI ilileta kinyunyizi kilichoitwa Electrodyn, kilichotumia betri kuyapa chaji matone ya dawa ya pamba ili yashike jani mpaka upande wa chini.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960, kampuni ya SAMES ya Grenoble, Ufaransa, ilichukua kanuni hiyo na kuifanyia kazi kwenye unga. Bunduki inapuliza unga mkavu, ncha yake inaupa chaji, na kipande cha chuma kilichoning'inizwa na kuunganishwa na ardhi kinauvuta. Sasa chuma hakikuhitaji kupashwa moto kwanza. Unga unashika kikiwa baridi, kisha unapeleka tanurini. Unene ukashuka hadi kiasi cha maikroni 60 mpaka 80, yaani chini ya sehemu moja ya kumi ya milimita. Unga usiomfikia mlengwa ukaweza kufagiwa, kuchujwa na kutumika tena. Rangi ya maji haikuwahi kukupa nafasi hiyo.

Zingatia mambo mawili hapa. La kwanza, kinachofanya kazi si bunduki peke yake. Ni bunduki pamoja na ule waya wa kwenda ardhini ambao mafundi umeme wanauita ethi. Bila ethi nzuri, unga unajirundika kwenye kipande, unasukumana na kuanguka. Ndoano yenye rangi ya jana ni kama swichi iliyozimwa.

La pili lilijulikana hata kabla ya rangi ya unga kuzaliwa. Mwaka 1836 Michael Faraday alionyesha kwamba chaji ya umeme hukaa juu ya chombo cha chuma na haiingii ndani yake. Ndiyo maana unga hukataa kuingia kwenye kona za ndani, kwenye pembe zilizochomelewa, na katikati ya mapezi ya silinda ya injini. Fundi mgeni huongeza umeme akidhani atausukuma uingie. Inakuwa kinyume. Aliyezoea hupunguza umeme, hupunguza hewa, na huanza na kona kabla ya sehemu bapa.

Unga unaoiva

Kipande cha tatu cha fumbo kilikuwa kemia. Kati ya mwisho wa miaka ya 1950 na miaka ya 1960, wakemia wa Ulaya walitengeneza unga wa epoksi uliochanganywa na kigumishi ndani ya chembe ileile. Walitumia mashine ya kukandia plastiki kuchanganya vitu hivyo vikiwa vimelainika, kisha wakavipoza na kuvisaga. Unga huo ukifika tanurini hauyeyuki tu. Unaiva. Fikiria tofauti ya mshumaa na yai. Mshumaa ukiuyeyusha na kuupoza, unaweza kuuyeyusha tena. Yai likishaiva halirudi kuwa bichi.

Epoksi inashika chuma vizuri na inavumilia kemikali, lakini jua linaichakaza mpaka inatoa vumbi jeupe kama chaki. Kwa kitu cha kukaa nje, wakemia wakaleta poliesta, iliyoenea Ulaya katika miaka ya 1970 na ambayo ndiyo unaiona kwenye madirisha ya alumini. Hata hiyo ilikuja na kasoro yake: kigumishi kimoja kilichotumika sana, kijulikanacho kwa herufi TGIC, kilikuja kuwekwa na Umoja wa Ulaya, kuelekea mwisho wa miaka ya 1990, kwenye kundi la kemikali zenye sumu zinazoweza kuharibu chembe za urithi. Viwanda vingi vya Ulaya vikahamia vigumishi vingine. Unga wenye TGIC bado unauzwa katika masoko mengine duniani. Soma lebo.

Moshi wa Los Angeles na bei ya mafuta

Teknolojia nzuri inaweza kukaa stoo miaka mingi ikisubiri sababu ya kutoka. Rangi ya unga ilitolewa stoo na mambo mawili.

La kwanza ni hewa chafu. Los Angeles ilikuwa na ukungu wa moshi uliochoma macho ya watu, na mvuke wa tina ulikuwa mmoja wa wachangiaji. Mwaka 1966 mamlaka ya hewa ya huko ilipitisha Kanuni ya 66 iliyobana vimiminika vya rangi. Mwaka 1970 ikafuata Sheria ya Hewa Safi ya Marekani. La pili ni mafuta. Bei ilipopaa mwishoni mwa 1973, tina ikapanda nayo, maana inatokana na mafuta hayohayo. Kiwanda kilichokuwa kinalipia tina ili iruke hewani, halafu kinalipia tena kuisafisha hewa hiyo, kikaanza kupiga hesabu upya.

Mashine za kufulia, friji, samani za ofisini na madirisha vikahamia kwenye unga. Pikipiki nazo zikafuata. Harley-Davidson ya Marekani ni mmoja wa watengenezaji waliopaka fremu zao kwa unga. Na sababu unaijua ukiwa barabara ya vumbi: koti lililoiva sawasawa linavumilia kokoto kuliko rangi ya kopo.

Bunduki yaja nyumbani, kiwanda chabaki

Kuelekea mwisho wa karne ya 20, wauzaji wa vifaa vya magari Marekani walianza kuwauzia watu wa kawaida bunduki ndogo za rangi ya unga. Kampuni ya Eastwood ya Pennsylvania ilijulikana kwa seti yake iitwayo HotCoat. Bunduki ya kiwandani hufikia volti 100,000. Hizi ndogo hutumia volti elfu kumi na kitu, hewa kidogo ya kompresa, na oveni ya umeme iliyotumika ambayo mtu ameinunua na kuiweka gereji. Kwa kipuri kidogo zinatoa koti zuri kabisa.

Lakini angalia kilichosafiri na kilichobaki. Bunduki ilikuja nyumbani. Bafu la fosfeti halikuja. Chumba chenye feni ya kuvuta vumbi hakikuja. Ethi iliyopimwa haikuja, wala kipimajoto cha kwenye chuma. Mtu akaona picha ya bunduki na rangi inayong'aa, akadhani hiyo ndiyo kazi. Ukweli ni kwamba bunduki ni dakika tano za kazi ya siku nzima. Rangi nyingi zinazobanduka kama ganda la kitunguu hazikuharibiwa na bunduki. Ziliharibiwa na grisi iliyoachwa chini yake.

Na hatari haikuondoka tina ilipoondoka. Ilihama. Ilitoka kwenye mvuke ikaenda kwenye vumbi na tanuri. Vumbi laini lolote linaloungua, likielea hewani kwa wingi na kupata cheche, hulipuka. Tarehe 2 Mei 1878 kinu cha ngano cha Washburn huko Minneapolis kililipuliwa na vumbi la unga wa kula, na watu 18 wakafa. Rangi ya unga ni vumbi la namna hiyo.

Historia inakudai nini nyumbani kwako

Sasa turudi kwenye keria na stendi yako.

1. Chagua kipuri kinachofaa. Keria, stendi, kanyagio, vishikizo na mabano madogo vinafaa. Usiweke tangi la mafuta kwenye oveni, hata kama unaamini ni tupu, maana mvuke wa petroli unabaki. Usiweke shokapu wala kitu chochote kilichofungwa chenye gesi au mafuta ndani. Ondoa beringi, mpira na plastiki zote. Kitu kilichoungwa kwa risasi ya kuchomea nyaya kitaachia, kwani risasi hiyo huanza kuyeyuka karibu nyuzi 183 za Selsiasi na oveni yako itakuwa juu ya hapo.

2. Osha kabla ya kukwangua, na uoshe tena baada yake. Ukikwangua grisi unaisugua iingie ndani. Tumia sabuni ya kuondoa mafuta na maji ya moto, suuza, kausha. Baada ya hapo usiguse kwa mkono mtupu.

3. Usipige mchanga. Uingereza ilipiga marufuku mchanga kwenye kusafisha vyuma kwa upepo tangu 1949, kwa sababu vumbi lake huleta silikosisi, ugonjwa wa mapafu usio na tiba. Bado kuna vijana wanaofanya kazi hiyo wakiwa wamejifunga kitambaa usoni. Kitambaa hakizuii vumbi hilo. Nyumbani tumia brashi ya waya na msasa, au mpelekee fundi anayetumia garneti au shanga za kioo ndani ya kabati lililofungwa. Na kama kuna dawa ya kubandua rangi yenye methilini kloridi, iache. Marekani iliizuia kwa matumizi ya nyumbani mwaka 2019 kwa sababu mvuke wake umeua watu kwenye vyumba vilivyofungwa.

4. Usichome rangi ya zamani kwa moto, hasa kwenye rimu ya alumini. Rimu nyingi za kumiminwa hupewa nguvu kiwandani kwa joto lililopimwa. Moto wa mkaa unaiondoa nguvu hiyo na macho yako hayatagundua. Utagundua kwenye shimo la barabara, umepakia abiria. Rimu mpelekee mtu mwenye tanuri lenye kipimo, au iache na rangi yake.

5. Ziba panapotakiwa kubaki chuma. Mikroni 70 zinatosha kuzuia boliti isiingie au beringi isikae. Ziba nyuzi za boliti, matundu ya ekseli, sehemu ya ndani ya ngoma ya breki, na pale waya wa ethi wa pikipiki unapofungwa. Tumia gundi ya karatasi inayovumilia joto.

6. Kwangua ndoano kila mara, na ufunge ethi kwenye chuma kitupu. Anza na kona. Vaa kinyago cha vumbi chenye kichujio, na miwani.

7. Pulizia mahali penye hewa, mbali na oveni iliyowaka, jiko, sigara, na kopo lolote la petroli au tina. Futa unga ulioanguka kwa kitambaa chenye unyevu. Usiupulize kwa kompresa.

8. Oveni iwe ya umeme, na isiwe ya kupikia tena. Moshi wa rangi inayoiva huganda kwenye kuta zake na hautoki kwa sabuni. Usitumie oveni ya gesi, kwa sababu ina mwali. Na usimwazime mama watoto oveni yake kwa “mara moja tu”. Hiyo mara moja tu ndiyo inayoingia kwenye keki.

9. Pima joto la chuma, si la hewa. Unga mwingi wa poliesta huiva kiasi cha dakika 10 hadi 20 kwenye nyuzi 180 hadi 200, lakini hesabu inaanza chuma chenyewe kikifika hapo. Stendi nene huchelewa kuliko bano jembamba. Fuata karatasi ya mtengenezaji. Unga ambao haukuiva unang'aa vilevile, kisha unapasuka mwezi wa kwanza.

10. Hifadhi unga kama unavyohifadhi mbegu: pakavu, pasipo joto, umefungwa vizuri. Ulioshika unyevu hugandana na kupuliza kwa mikupuo.

Je, inakulipa?

Kama una kipuri kimoja, piga hesabu kwa uaminifu. Bunduki, kompresa, oveni, unga na umeme vitazidi thamani ya keria. Katika miji mingi kuna karakana za alumini zenye tanuri, na baadhi hukubali kuingiza vipuri vya mteja pamoja na kazi yao, kwa rangi waliyonayo siku hiyo. Ukienda umeshaosha na kukwangua vizuri, umekwishafanya nusu ya kazi ambayo wao wangependa kuiruka.

Kama mko kikundi cha bodaboda au cha wafugaji wenye pikipiki kumi na tano, hesabu inabadilika. Seti moja na oveni moja vinaweza kuhudumia wote, na kijana mmoja akapata ujuzi wa kuuza. Huyo kijana mfundisheni kwanza namba 2 na namba 3. Bunduki ataijua mwenyewe kwa siku moja.

Ukikwama mahali, niulize. Andika ni kipuri gani, ni chuma au alumini, na una oveni ya aina gani, nami nitakujibu kadiri ninavyojua.

Kazi njema.